Kabla ya Kutuma Pesa ya Bustani, Hesabu Mitungi

Picha iliingia kwa WhatsApp usiku wa Ijumaa, kutoka Minneapolis. Nyumba nyeupe, nyasi za kijani zilizokatwa sawasawa kama zulia, mitende miwili ya mapambo, mmoja kila upande wa mlango. Chini ya picha kulikuwa na maneno matatu tu: "Mfanyie hooyo hivi." Hooyo ni mama. Dakika chache baadaye simu ikalia tena, na safari hii haikuwa picha. Shilingi 35,000 zilikuwa zimeingia.

Aliyepokea ni kijana wa Ifo ambaye kazi yake ni kupangia watu bustani. Wengi wetu tungemshukuru Mungu, tukalala, na asubuhi tukaanza kutafuta nyasi. Yeye alikaa macho akipiga hesabu ya mitungi.

Sisi wa timu ya elimu kwa wateja tulikuwa tumeenda Ifo kutafuta watu wanaolipwa kwa simu kwa kazi zisizo na duka wala ofisi. Tulitarajia mafundi wa simu, washonaji, wauza mitumba. Mshauri wa bustani hakuwa kwenye orodha yetu. Ati bustani, Ifo? Tuseme ukweli, tulicheka kidogo ndani ya gari. Mmoja wetu alikuwa amevaa raba nyeupe. Kufikia saa sita mchana zilikuwa rangi ya vumbi la Garissa, na mpaka leo hazijarudi kuwa nyeupe.

Ametuomba tusitaje jina lake wala la mteja wake, kwa hivyo tutamwita Fundi, kama majirani wanavyomwita. Alizaliwa Ifo, akasoma Ifo, Kiswahili chake ni cha darasani kilichopikwa tena sokoni. Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1991, ya kwanza kati ya kambi za Dadaab, kabla ya Dagahaley na Hagadera kufuata mwaka 1992. Iko kama kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 35 na zaidi. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, ikija: gu kuanzia mwezi wa Nne hivi, na deyr kuanzia mwezi wa Kumi. Katikati kuna jilaal, kiangazi cha Januari hadi Machi, ambacho ndicho kinachoamua mti upi utaishi. Maji ya kila siku hutoka visimani, kwenye ile hifadhi kubwa ya chini ya ardhi iitwayo Merti, na hufika nyumbani kwa mtungi wa lita 20. Mtungi hautembei. Kuna mtu anayeubeba.

Hesabu ya usiku ule

Mahali pa kuweka nyasi, Fundi alikuwa anapajua. Ni uwanja wa mita 6 kwa 8 mbele ya nyumba ya mama, sawa na mita za mraba 48. Kwa jua la Ifo, mita moja ya mraba ya nyasi inaweza kumaliza lita 5 kwa siku ili ibaki kijani. Zidisha: lita 240. Gawa kwa 20: mitungi 12. Kila siku, Ijumaa na Idi zikiwemo.

Sasa upande wa watu. Kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukitumia duniani ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Nyumba ile ina watu saba. Hiyo ni lita 105, mitungi mitano na kidogo.

Alimtumia mwenye pesa ujumbe wa sauti. "Walaal," ndugu yangu, "hizo nyasi zako zitakunywa mara mbili ya mama yako na wajukuu wote. Na mwenye kubeba mitungi ni dada yako mdogo."

Jibu lilikuwa fupi na halikuwa zuri. Kijana wa Minneapolis alisema amelipa kazi ifanywe, hajalipa mawaidha. Usimhukumu haraka. Mtu anayefanya kazi za usiku huko kwenye baridi, ambaye hajamwona mama yake kwa miaka, hanunui nyasi. Ananunua picha ya mama amekaa mahali pazuri. Tatizo ni kwamba picha aliyokuwa nayo kichwani ilipigwa nchi ya mvua na theluji.

Fundi wakati huo alikuwa na deni dukani, si dogo, na mwenye duka alikuwa ameanza kumwuliza hali yake mara mbili kwa siku. Shilingi 35,000 zilikuwa ndani ya simu yake. Angeweza kupanda nyasi mwezi wa Kumi, deyr ikazinywesha wiki kadhaa, akapiga picha, akatuma Minneapolis, akalipwa. Zingekufa Januari, na Januari angekuwa na sababu nzuri: kiangazi. Tulimwuliza kwa nini hakufanya hivyo. Alisema Ifo si kubwa kiasi hicho.

Aliamua kurudisha pesa. Kuzirudisha ng'ambo ilikuwa kazi, kwa hivyo akafikiria kuzituma kwa mama. Akaandika namba, akaandika kiasi, na kabla ya kuthibitisha, jina la mpokeaji likatokea kwenye kioo. Halikuwa jina la mama.

Laini ilikuwa ya nani?

Hapa ndipo tuliposogeza viti, manake hili tunakutana nalo kila siku. Laini ya mama ilisajiliwa miaka mingi iliyopita na jirani aliyekuwa na kitambulisho cha Kenya, kama hisani tu. Jirani akahama. Laini ikabaki. Mama alikuwa akipokea pesa kwa laini hiyo bila shida, na kwake ilikuwa yake. Lakini kwenye mfumo, mwenye pesa zote zilizowahi kuingia humo ni mtu mwingine. Kadi ikipotea, anayeweza kuirudisha ni huyo mwingine. Kukitokea ubishi, sisi tutamsikiliza huyo mwingine, na hatuna namna ya kufanya vinginevyo.

Si kwamba mama ni mgeni wa simu. Tangu mwaka 2016 sehemu ya msaada wa chakula Dadaab ilianza kutumwa kwa simu kupitia mpango wa Bamba Chakula wa WFP, na akina mama wengi wa rika lake walijua namba ya siri ni nini kabla wajukuu hawajawafundisha. Tatizo lilikuwa jina tu. Fundi hakutuma. Alimwambia, "Eeddo," yaani shangazi, kwa heshima, "pesa za mwanao ninazo, sijazigusa, lakini sitaziweka mfukoni mwa mtu tusiyemjua alipo." Ikachukua siku kadhaa na safari moja ya pikipiki, mama akapata laini mpya iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe.

Kama na wewe unatumia laini ya kaka, ya mume, ya mwajiri wa zamani au ya jirani aliyehama, hatutakupigia kelele. Nenda na kitambulisho chako halali kwa duka au wakala aliyeidhinishwa, fungua laini yako, kisha hamisha salio lako kidogo kidogo huku mwenye jina bado mnasalimiana. Ukingoja mpaka mkosane, umechelewa.

Mama alitaka nini hasa

Laini ilipokuwa tayari Fundi alimtumia zote. Uamuzi huo ndio uliobadilisha kila kitu, ingawa wakati ule ulionekana mdogo. Pesa sasa zilikuwa kwa mtu atakayeishi na bustani, si kwa anayeijenga wala anayeiota.

Ndipo kwa mara ya kwanza mtu akamwuliza yeye. Fundi alimwonyesha ile picha. Mama akaiangalia kwa muda, akauliza, "Nyasi nimeziona. Ng'ombe wako wapi?"

Alitaka vitu vitatu. Kivuli cha kukaa baada ya alasiri, wakati ukuta wa nyumba umeshika moto. Mboga za sufuria moja kwa siku. Na mhina, kwa sababu ya mabinti na kwa sababu nyumba ya mama yake mzazi ilikuwa nao.

Tulimfuata Fundi akipima, na hapo tulielewa kwa nini watu wanamlipa. Hakuanza na miti. Alianza kwa kusimama katikati ya uwanja na kuuliza wazee maji ya mafuriko yalipita wapi. Mwezi wa Kumi na Moja mwaka 2006 Ifo ilizama vibaya, na mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaleta maji tena Dadaab. Mahali pakavu miezi kumi panaweza kuwa mto kwa siku tatu. Mama alionyesha kwa kidole: hapa, na hapa. Hapo Fundi hakuweka kitu cha kudumu, alichora mtaro tu.

Halafu jua. Ifo iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua la mchana liko juu ya kichwa, na lile linaloingia nyumbani na kuchoma kuta ni la asubuhi na la jioni, mashariki na magharibi. Mti mzuri ukiupanda upande wa kaskazini utakuwa umepamba tu. Kivuli cha mama kilitakiwa magharibi, mita chache kutoka ukutani. Huko akapanga miarobaini miwili. Mwarobaini si mti wa asili wa hapa, ulitoka Bara Hindi, lakini umelikubali joto la Garissa kuliko sisi tulivyolikubali. Karibu na ua akaweka mkunazi, ambao Wasomali huuita gob, wenye miiba, kivuli na matunda ya watoto. Karibu na jiko, mlonge mmoja, ambao majani yake huliwa kama mboga. Mhina ukapewa kona ya mlangoni.

Kuna wateja humwomba mathenge kwa sababu unakua haraka na haukufi. Hukataa. Mathenge uliletwa nchini kuokoa ardhi kavu na ukageuka kuwa wa kuiteka. Mwaka 2006 wenyeji wa Ilchamus, kule Baringo, walienda mahakamani Nairobi kuhusu mti huo, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake akaletwa kama ushahidi. Fundi anaipenda sana hadithi hiyo. Anatumia matawi ya mathenge kwa kitu kimoja: ua wa miiba kuzunguka miche.

Maji sasa. Sehemu hii tuliandika kurasa nne.

Kila mti ulipangiwa chanzo chake cha maji kabla ya kupewa shimo. Mwarobaini wa kwanza uliwekwa mahali familia inapochukulia udhu. Fikiria: maji ya udhu hayana sabuni, hayana mafuta, na hupatikana mara tano kwa siku bila kukosa. Birika ya lita mbili mara tano ni lita 10, nusu mtungi, kwa mtu mmoja tu, na hapo awali yote yalikuwa yakimwagika kwenye vumbi. Fundi alichimba mfereji mfupi uliojazwa kokoto, kutoka jiwe la kusimamia mpaka kwenye shina. Mwarobaini wa pili na mkunazi vikapata maji ya kufulia, ambayo yana masharti: yamwagwe kwenye udongo, si kwenye majani; yasiwe na dawa ya kung'arishia nguo; na mara moja moja yafuatwe na maji safi, manake sabuni huacha chumvi, na maji ya visima nayo yanaweza kuwa na chumvi yake. Ncha za majani zikianza kuungua kama zimepigwa pasi, chumvi imezidi.

Mboga hazikupewa maji ya sabuni hata tone. Hizo zilipata vitalu vya kuzama. Sisi tuliozoea shamba la mvua tunajua tuta lililoinuliwa. Ifo ni kinyume, unachimba chini kama shubiri moja, unachanganya samadi ya mbuzi, unafunika kwa majani makavu, na maji yanabaki mahali ulipoyaweka badala ya kukimbia. Bamia, kunde na mchicha. Sukuma wiki alimpa mama mashina sita ndani ya gunia, chini ya neti ya kivuli, kwa sababu alisisitiza. Bustani za gunia si kitu kigeni Dadaab, zimefundishwa huko kwa miaka: unasimamisha nguzo ya kokoto katikati ya gunia la udongo, maji yanapita humo yakisambaa, na mboga zinatoka juu na ubavuni.

La mwisho lilikuwa paa. Nyumba ina bati la mita za mraba 24. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hivyo mvua moja nzuri ya milimita 20 huangusha lita 480 juu ya bati lile. Hata ukitoa inayomwagika, ni mitungi 20 hivi ambayo hakuna msichana aliyeibeba. Gata na pipa la lita 200 vikawa ndivyo vitu ghali kuliko vyote kwenye hesabu. Pipa moja halitoshi, Fundi anajua, lakini pesa zina mwisho.

Malipo yanayofuata msimu

Hesabu yote ilifika shilingi 19,600. Vifaa na miche 11,200, kazi 8,400. Na kazi haikulipwa kwa mara moja. Fundi ndiye aliyependekeza: 2,800 siku ya kupanda, 2,800 baada ya mwezi, na 2,800 za mwisho mwezi wa Nne, jilaal ikishapita, "miti ikiwa hai." Aliyaandika makubaliano hayo kwenye ujumbe mmoja, kiasi na tarehe, akautuma kwa mama na kwa Minneapolis, na kila mmoja akajibu "sawa." Hakuna wakili, hakuna muhuri. Lakini kila malipo yalipotumwa, ujumbe wa kuthibitisha ulikaa kwenye simu mbili, wenye siku, saa na jina.

Mtu wa biashara akisoma hapa atasema Fundi alijiumiza, kungoja miezi sita kwa 2,800. Sisi tulisema hivyo hivyo. Yeye anasema awamu ya mwisho ndiyo inayomletea wateja: mti unaoonekana hai mwezi wa Nne ni bango lake la matangazo, na zile ziara za kuukagua angezifanya hata bila kulipwa. Pia ana laini mbili, moja ya kazi na moja ya nyumbani, ili mwisho wa mwezi ajue biashara imeingiza nini bila kuchanganya na pesa ya unga. Kama una kazi ya mkono na bado unapokelea kila kitu kwa laini moja, hilo ni la kuiga leo.

Linganisha na mama wa mtaa wa pili. Aliona tangazo kwenye mtandao la miche ya matunda "inayozaa baada ya miezi mitatu." Hakuna mwembe unaofanya hivyo, Ifo wala popote. Akaombwa 4,500 kwanza. Alipotaka kutuma, jina lililotokea halikuwa la muuzaji. Alipouliza, akaambiwa ni laini ya mke. Akatuma. Simu ya muuzaji ikazimwa jioni hiyo. Alitupigia siku tatu baadaye, kwa sababu alikuwa anaona haya.

Hatutakudanganya. Pesa ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni vigumu mno. Tunachoweza kufanya, tunakifanya katika dakika za mwanzo, kabla haijatoka. Kwa hivyo ukishtuka, piga huduma kwa wateja wakati huo huo, hata kama unaona haya, hata kama huna uhakika. Na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha tumeliweka hapo kwa sababu. Likiwa si lenyewe, acha. Muuzaji wa kweli atakusubiri.

Kwa nini upande mti hapa

Swali hili tulilibeba siku mbili kabla ya kuliuliza. Mwarobaini unahitaji miaka kadhaa ili utoe kivuli cha kutosha kitanda. Na Ifo ni mahali ambapo kesho imetangazwa kufungwa zaidi ya mara moja. Mwezi wa Tano mwaka 2016 serikali ilitangaza kufunga kambi za Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ikalizuia hilo. Machi 2021 likaja tangazo jingine, na baadaye tarehe ya mwisho ikatajwa: 30 Juni 2022. Tarehe ikapita. Katikati ya hayo ikatoka Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na Machi 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Ardhi chini ya miarobaini ile si ya mama. Hana karatasi yake.

Fundi hupanga kwa kuzingatia hilo, bila kulisema kwa mteja. Kwanza anapanda kinacholiwa kabla ya mwezi kuisha: mchicha. Kisha cha miezi: bamia, kunde. Gunia unaweza kulimwaga na kulikunja. Pipa linabebwa kwa mkokoteni wa punda. Mti anauweka mwisho kwenye orodha, na bei yake ni ndogo kuliko ya vyote, ili mtu akilazimika kuuacha asiwe ameacha pesa nyingi ardhini.

Mama tulimwuliza kupitia Fundi. Alicheka kwanza. "Mwaka 1992 niliambiwa nitakaa miezi mitatu," alisema. "Ningepanda siku ile, leo ningekuwa na mti mkubwa kuliko wewe na gari lako."

Mwezi wa Nne

Tulirudi gu ilipoanza. Raba nyeupe tuliziacha Nairobi.

Miarobaini yote miwili ilikuwa hai, wa udhu ukiwa umempita mwenzake kwa urefu wa mkono mzima. Mkunazi ulikuwa umesimama tu, haujakua sana, lakini ulikuwa kijani. Sukuma wiki zilikufa Februari, na hakuna aliyeshangaa. Mhina ulikuwa umeshachumwa kwa harusi moja.

Shida ilikuwa mlonge. Zile shilingi elfu kumi na tano hivi zilizobaki baada ya bustani, mama alikuwa amezifanyia uamuzi wake bila kuomba ruhusa Minneapolis. Alinunua mbuzi wawili. Na usiku mmoja mbuzi walipata nafasi kwenye ua wa miiba, wakaula mlonge mpaka ukabaki kijiti cha urefu wa goti.

Makubaliano yalisema "miti ikiwa hai." Kijana wa Minneapolis, ambaye sasa alikuwa anafuatilia bustani kuliko mpira, alisema kwenye simu kwamba mmoja umekufa, kwa hivyo 2,800 zikatwe. Fundi akasema hakuna mahali palipoandikwa mbuzi, na mbuzi si wake. Ubishi ukanoga. Wajukuu wakakusanyika.

Fundi akainama, akakwaruza gome la kile kijiti kwa ukucha. Chini ya gome kulikuwa kijani, kibichi. Akamwonyesha mama. Mama naye akainama, polepole, akakwaruza mahali pengine, chini zaidi, kuhakikisha hadanganywi. Kijani.

Akamwambia mwanawe kitu kwa Kisomali ambacho Fundi alikataa kututafsiria. Kisha akatoa simu yake, akaketi kwenye jiwe la udhu, akabonyeza namba mwenyewe. Jina la Fundi lilipotokea akamwita mjukuu alisome kwa sauti. Likasomwa. Akathibitisha.

Simu ya Fundi ikalia. Kabla hajafungua ujumbe, mama aliuliza, "Langu limetoka vizuri? Lote?"

Limetoka lote, majina yote matatu.